Robo Inchi

Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani ambapo kila nyumba ya mji wa South Gate inanukia bata mzinga, Wendell Tackett alimwomba kaka yake msamaha. Alifika na mkewe Oleta, mkononi kabeba pai ya viazi vitamu, akaiweka mezani, akavua kofia, akasema, "Kaka, zile silinda hedi. Bado naona aibu." Naye Harlan alikuwa na jibu lake moja lisilobadilika: "Yamekwisha, bwana. Kaa tule." Wakakaa wakala.

Pai ishirini na tano ziliwekwa kwenye meza ile. Harlan alizila zote, na nyingine alizisifu.

Afadhali isemwe sasa hivi, maana Harlan mwenyewe aliijua tangu mwanzo: aliyeharibu zile silinda hedi si Wendell. Ni yeye Harlan.

Ndugu hawa walitoka Oklahoma mwaka 1936, wakati upepo wa ukame ulipobeba mashamba ya watu ukaenda kuyatupa kwingine. Walifika California nyuma ya lori, wamebanana na godoro, jiko na kuku watatu. Baada ya vita wakafungua karakana ya kusubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina, kwenye banda la mabati karibu na reli. Wateja wao walikuwa vijana waliorudi kutoka vitani salama na sasa, sijui kwa nini, wanatafuta kufa nyumbani. Walinunua Ford kuukuu kwa bei ya chakula cha jioni, wakaikata paa, wakaishusha mpaka tumbo likakaribia lami, wakaivisha injini mapambo na nguvu ambazo kiwanda hakikuota kuipa. Jumapili walikwenda kuzikimbiza kwenye ziwa kavu la El Mirage, wakarudi weupe kwa vumbi, wakigombana nani alimpita nani. Silinda hedi za alumini za akina Tackett, vile vifuniko vinene vinavyofunga silinda za injini kwa juu, zilikuwa na jina pale jangwani. Ukifungua boneti wakaziona, walikuita bwana.

Harlan alikuwa mtu wa moto, Wendell mtu wa mbao. Huwezi kusubu kitu bila kwanza kuchonga pacha wake wa mbao, ukamzika kwenye mchanga wenye unyevu, ukamtoa taratibu, kisha ukaumwagia alumini ule uwazi aliouacha. Pacha huyo wenyewe walimwita umbo. Wendell alichonga maumbo kwa namna ambayo mafundi wa karakana nyingine walikuja kuyashika tu, wayapapase, waondoke wamenyamaza.

Sasa, alumini ikipoa husinyaa. Kwa hiyo umbo huchongwa kubwa kidogo kuliko kitu kinachotakiwa, na mafundi wana rula yao ambayo inchi zake zimerefushwa kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa na rula hiyo hupigi hesabu. Lakini mbao nayo huchoka. Ukiizika mchangani mara nyingi, kingo zinalika. Kazi ikiwa kubwa, fundi husubu kwanza umbo la alumini kutoka kwenye lile la mbao, na hilo la alumini ndilo linalozikwa mchangani siku zote. Hapo kusinyaa ni mara mbili, na mbao ya kwanza lazima iongezwe mara mbili. Rula ya kawaida ya fundi ukiiweka juu yake, itakuambia mbao ni ndefu mno.

Mwaka 1952 mwenye duka la vipuri, Clifton Yoakum, aliagiza silinda hedi mia mbili za Ford ya silinda nane, azipate kabla ya mashindano ya Agosti kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville. Mia mbili! Hawakuwa wamewahi kupata oda ya zaidi ya thelathini. Wendell alijifungia wiki mbili katika chumba chake cha mbao. Ijumaa akamaliza, akapaka vanishi, akaosha mikono, na Jumapili akaenda El Mirage kuangalia mbio kama kawaida yake.

Harlan hakwenda. Aliingia chumba cha mbao kutazama kazi. Aliingia kwa mapenzi, hilo asinyimwe. Akachukua rula ile ya fundi, akapima, akaona umbo limezidi robo inchi. Akapima tena. Robo inchi. Moyo ukamruka: mdogo wangu kachoka, macho yamemdanganya, na kesho tunasubu. Hakuwaza kwamba kwa oda ya mia mbili Wendell angetaka umbo la alumini. Hawakuwa wamewahi kulitengeneza. Angeweza kungoja mpaka jioni amwulize. Lakini Harlan alikuwa mkubwa, na mkubwa akiona kosa la mdogo wake hulifuta kimya kimya asimwaibishe. Ndivyo alivyolelewa. Umbo lilikuwa la vipande vinne vilivyofungwa kwa skrubu. Akavifungua, kila kimoja akakipitisha randa kwa upole, akaondoa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, akavirudisha, akapiga msasa, akapaka vanishi upya. Akaenda kulala ameridhika.

Jumatatu asubuhi alimkuta Wendell anafunga mchanga.

"Mbao itachoka, mia mbili si mchezo," Wendell akasema bila kuinua kichwa. "Leo nasubu umbo la alumini. Nimeipa mbao kusinyaa mara mbili."

Harlan akaelewa pale pale alichokifanya. Wakati ule lilikuwa neno moja tu. Mbao moja, siku mbili za kuchonga upya, na matusi ya kutaniana wiki nzima. Alifungua kinywa kusema. Kisha akakumbuka alivyojisifu moyoni usiku ule, akafunga kinywa, akasema atalisema mchana. Mchana akasema jioni. Labda itakubali tu, akajidanganya. Robo inchi ni nini?

Umbo la alumini lilipokuwa tayari, Wendell alitaka wasubu silinda hedi moja kwanza, waijaribu juu ya injini. Harlan akacheka. Kicheko kile alikuja kukisikia miaka yote iliyofuata, akiwa anaoga, akiwa kanisani, akiwa anasubiri taa za barabarani.

"Kwani wewe umewahi kukosea?" akamwambia.

Wendell naye akacheka, kwa fahari, kwa sababu kweli hakuwahi. Wakasubu zote mia mbili.

Uani kwa Yoakum siku ya kuzipeleka walikuwepo wanaume kama ishirini, maana habari ilishaenea. Yoakum akaweka silinda hedi ya kwanza juu ya injini. Bolti za katikati ziliingia. Za pembeni hazikuingia. Akachukua ya pili, ya tatu, ya kumi. Mtu mmoja akapiga mluzi wa chinichini. Wote wakageuka kumtazama Wendell, maana kila mtu alijua nani wa mbao.

"Nilipima," Wendell akasema. "Nilipima mara mbili." Akamtazama kaka yake amsaidie, awaambie watu kwamba huyu hupima kweli.

Harlan akatazama viatu vyake.

Walizivunja zote kwa nyundo na kuzirudisha kwenye sufuria ya kuyeyushia. Umbo la alumini nalo likaenda huko huko. Lile la mbao Wendell alilipima mara ya mwisho, akakuta fupi, akatikisa kichwa, akalitupa tanurini kwa mkono wake mwenyewe. Aliyemshikia mlango wa tanuri ni Harlan. Kisha Wendell akatundika aproni yake msumarini, na tangu siku hiyo hakushika patasi tena. Akapata kazi ya kufagia shule ya msingi huko Downey, mji wa jirani, akaifanya mpaka alipostaafu.

Na Harlan? Harlan aliendelea kusubu. Vifuniko vya injini, njia za hewa, vikombe vya kabureta, vyote kutoka kwenye maumbo aliyoyaacha mdogo wake rafuni. Mikono ya Wendell ndiyo iliyomlisha miaka ishirini na tano, na siku moja kwa mwaka mwenye mikono alikuja na pai kuomba radhi.

Mwaka 1977, mwanzoni mwa Oktoba, Oleta aliingia karakanani peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti kubwa iliyozoea kuita watoto kutoka mbali, ingawa alizaa mmoja tu, Darlene. Harlan alikuwa anakoroga sufuria.

"Shemeji, zima huo moto wako!"

"Moto huu si sigara, Oleta, nikauzima tu."

"Basi utasikia kwa makelele. Wendell anakufa."

Harlan akazima feni ya tanuri. Akaacha kukoroga.

"Saratani ya kongosho," Oleta akasema. "Wametoboa, wameangalia, wamefunga. Daktari anasema wiki sita, pengine nane. Hakutaka nikuambie. Alisema hataki kukuharibia kazi tena. *Tena*, Harlan. Hilo neno lake."

"Nitakuja."

"Utakuja, ndiyo. Lakini nisikilize kwanza, nina jambo." Alikaa juu ya boksi la mchanga bila kulipangusa. "Kila asubuhi ananiuliza kama amefunga gesi. Mtu hawezi kuinuka mwenyewe kwenda chooni, anauliza kama amefunga gesi."

"Ni ugonjwa, shemeji. Maumivu huchanganya."

"Ugonjwa gani? Ni miaka ishirini na tano hii! Wewe hujui, wewe unamwona siku ya kula. Kila usiku anaamka kukagua jiko. Mara tatu. Akitoka kazini shuleni, akifika nyumbani anageuza gari, anarudi kuangalia kama alifunga mlango. Amefunga. Siku zote amefunga! Darlene alipozaliwa hakumwogesha hata siku moja, eti atakosea joto la maji. Yule bwana wa kiwanda cha ndege, unamkumbuka? Alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza aende akachonge maumbo, mshahara mara tatu ya ule wa ufagio. Alikaa kwenye kochi langu. Unajua Wendell alimjibu nini? 'Bwana, mtu anayeweza kukosea huku ana hakika kabisa, huyo ataua rubani.'"

Hayo yote Harlan aliyasikia kwa mara ya kwanza. Siku zote alidhani kwamba Wendell anamwonea aibu yeye, kaka yake, na kwamba aibu hiyo ilikuwa ya siku moja kwa mwaka, inakuja na pai na kuondoka na sahani. Hakujua mdogo wake aliacha kuyaamini macho yake mwenyewe. Hakujua kwa sababu hakuwahi kuuliza, na hakuuliza kwa sababu aliogopa jibu.

"Neno lako analiheshimu," Oleta akasema akiinuka. "Mwambie kitu. Mwambie kila binadamu hukosea. Nimemwambia mimi mpaka mdomo umeniota sugu, lakini mimi ni mke tu, nitasema nini kingine? Afe akiwa ametulia. Ndilo ninalotaka, sina jingine."

"Nitamwambia," Harlan akasema.

Na safari hii alikusudia. Kama Wendell angejua kwamba hakukosea, kwamba mikono yake ilikuwa sahihi siku ile na siku zote, angalau wiki hizi zilizobaki angelala bila kuuliza gesi. Hilo lilikuwa bado mkononi mwa Harlan kulitoa, na lilikuwa limebakiza muda mchache. Jumamosi mchana akavaa shati la kanisani, akaendesha lori mpaka Downey, njia nzima anarudia maneno kwa sauti mpaka mwanamke mmoja kwenye taa za barabarani akapandisha kioo chake.

Wendell alikuwa amewekewa kitanda sebuleni karibu na dirisha. Alikuwa amebaki pua na masikio. Mezani palikuwa na glasi ya maziwa ya mgando yaliyovurugiwa mkate wa mahindi, chakula cha kwao, na hakuwa amekigusa.

"Kaka!" akasema. "Umekuja bila kualikwa, wala si Novemba. Basi kumbe kweli nakufa."

"Nyamaza, we. Bado nakudai mchezo mmoja wa karata."

"Pai hakuna lakini."

"Wendell, nimekuja kusema neno. Nakuomba usinikatize mpaka nimalize." Harlan alivuta kiti, akakaa, kofia magotini. "Jumapili ile ulipokwenda El Mirage, niliingia chumba chako. Nikapima lile umbo. Kwa rula yangu lilikuwa limezidi robo inchi. Mimi sikujua umeipa mbao kusinyaa mara mbili. Nikadhani umekosea. Nikafungua skrubu, nikapiga randa, nikarudisha, nikapaka vanishi. Ulikuwa sahihi. Wewe hukukosea hata kwa unywele. Mimi ndiye niliyeharibu, na nilijua Jumatatu asubuhi, na sikusema."

Alikuwa ameyasema yote. Hakuamini kwamba yalikuwa machache hivyo.

Wendell alimkodolea macho. Juu ya shuka kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya vidole vingine kama kinachohesabu kitu. Kwa muda uso wake ulifunguka, na Harlan akamwona mdogo wake wa zamani, yule wa chumba cha mbao, akaanza kutumaini.

"Vilikuwa vipande vinne," Wendell akasema polepole.

"Vinne."

"Kwa hiyo kila kimoja ulikitoa..."

"Moja ya kumi na sita."

"Moja ya kumi na sita." Wendell akavuta pumzi. Kisha akatabasamu, tabasamu la huruma, jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto aliyemletea zawadi ya kujitengenezea. "Umepiga mpaka hesabu. Kaka, hii umeitunga kwa muda gani?"

"Sikuitunga!"

"Kidogo ningeingia mtegoni. Haki ya Mungu kidogo ningeingia."

"Wendell, naapa. Naapa kwa kaburi la mama."

"Usimwapie mama uongo, atatoka akuchape." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, Harlan akamshikilia mgongo mpaka kikapita. Mgongo ulikuwa mifupa mitupu. "Nililipima kabla ya kulichoma," Wendell akaendelea, sauti imepungua. "Lilikuwa fupi. Niliona kwa macho haya."

"Lilikuwa fupi kwa sababu nililipunguza! Huelewi? Ndicho ninachokuambia!"

"Ungekuwa umelipunguza ungesema."

"Nini?"

"Pale uani kwa Yoakum. Mbele ya wanaume wale wote. Nilikutazama, unakumbuka? Ungekuwa wewe, ungesema pale pale." Wendell alitikisa kichwa juu ya mto, ana hakika kabisa. "Nakujua mimi. Usingeniacha nisimame vile."

Harlan angejibu nini? Kila alichoweza kusema kilihitaji mdogo wake aamini kwanza kwamba ana kaka wa namna ile, na hilo Wendell alikataa katakata.

"Na wala si mara ya kwanza," Wendell akasema, amefumba macho. "Taa ya chemli ya babu, ile niliyoiangusha zizini. Ukamwambia baba ni wewe. Ulilala kifudifudi siku mbili kwa ule mkanda. Una miaka sitini na mitatu na bado tu unanichukulia viboko vyangu. Oleta! Oleta, njoo usikie kaka alichoniletea!"

Oleta akatoka jikoni akifuta mikono. Wendell akamsimulia yote, randa, skrubu, vanishi, moja ya kumi na sita, akipumzika katikati kutafuta pumzi, macho yanameta. "Ametengeneza hadithi nzima," akasema, "ili nife vizuri. Umewahi kuona ndugu kama huyu?"

Oleta alimtazama Harlan. Harlan akatazama kofia yake.

"Hapana," Oleta akasema. "Sijaona."

Alimsindikiza mpaka barazani, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukashika.

"Ni kweli," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni kweli, shemeji. Nitarudi kesho. Nitamwambia tena mpaka aamini."

"Na akiamini?"

"Atajua hakukosea."

"Atajua hakukosea. Na atajua kaka yake alikaa akila pai zake miaka ishirini na tano. Vyote kwa mpigo mmoja, na ana wiki sita za kuvibeba." Alikuwa bado ameshika kitasa. "Pai nilipika mimi, Harlan. Mimi ndiye niliyekuwa nalala karibu naye alipokuwa anaamka kwenda kukagua jiko. Ningekuwa na nguvu ningekuua hapa hapa kwenye ngazi zangu, Mungu anisamehe. Lakini amecheka leo. Tangu Agosti sijamsikia akicheka. Wewe utakuja kila Jumamosi, utakaa pale, utakuwa huyo kaka anayemwona. Ukimwambia neno jingine lolote, nakufungia mlango."

Harlan akaja kila Jumamosi. Alinyoa ndevu za mdogo wake, akamlisha mkate wa mahindi kwa kijiko, akamtania kuhusu karata. Kila mgeni aliyeingia, mwalimu wa zamani, jirani, mmoja wa wale vijana wa El Mirage ambaye sasa alikuwa mzee mwenye kitambi, Wendell alimsimulia jinsi kaka yake alivyotaka kujitwika kosa lake. Aliisimulia vizuri zaidi kila mara. Wageni walimgeukia Harlan kwa macho ya heshima, naye alikaa pale akivumilia. Mara moja moja alijaribu kusema, "Lakini ni kweli," wakacheka kwa upendo, na Wendell akacheka kuliko wote.

Gesi aliendelea kuuliza. Aliuliza mpaka asubuhi ya mwisho, Jumatatu moja ya Novemba, na Oleta akamjibu kama alivyomjibu siku zote kwamba imefungwa, alale.

Kanisa lilijaa. Wazee wa mbio walikuja na Ford zao kuukuu, wakazipanga nje mpaka pembe ya mtaa, zimeng'arishwa kama siku ya harusi. Mchungaji wao, Ndugu Cagle, alikuwa mtu mpole asiyependa kurefusha, lakini siku hiyo alisema marehemu alimwachia agizo. Akafunga Biblia, akawasimulia watu juu ya silinda hedi mia mbili na kosa la robo inchi lililomwelemea marehemu nusu ya maisha yake, na juu ya kaka aliyekuja kitandani akasema, mimi ndiye.

"Hakuna upendo mkuu kuliko huu," Ndugu Cagle akasema.

Harlan alisimama. Hakuwa amepanga. Alikuta tu amesimama, ameshika benchi la mbele, na watu wote wamegeuka.

"Ndugu Cagle, haikuwa hivyo," akasema. "Sikumchukulia chochote. Mimi ndiye niliyekosea. Mimi, na nilijua."

"Amina," mtu akasema nyuma.

"Amina," wakaitikia wengine, na wanawake wakatafuta vitambaa vyao.

Akakaa. Oleta, pembeni yake, alikuwa anatazama mbele, kwenye jeneza, hakugeuka.

Baada ya maziko walipanga mstari kumpa mkono. Walikuwa wengi, mikono yao migumu ya spana na grisi ya miaka, na kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia. Wa mwisho alikuwa Clifton Yoakum, sasa mzee wa miaka themanini anayetembelea fimbo. Alimkumbatia Harlan kwa nguvu, akalia shingoni kwake bila haya.

"Nilimsema vibaya siku ile," Yoakum akasema. "Lakini wewe! Laiti ningepata kaka kama wewe."

Harlan akampigapiga mgongoni. Oleta alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, anasikia.

"Asante," Harlan akasema.